Feni ya AC imekufa, fundi anajaza gesi tu

Mzee Fundi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Muheza. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2005, AC yake ni ya swichi za kuzungusha kwa mkono, siyo ile ya vitufe na namba kwenye kioo. Nalitumia kwenda kazini Tanga mjini na kurudi, na mwisho wa mwezi nampandia mama yangu Soni.

Shida ilianza kidogo kidogo. Feni ya AC ina spidi nne. Ikafika siku, spidi ya kwanza, ya pili na ya tatu zikagoma, ikabaki ya nne peke yake. Nikapeleka kwa fundi, akasema rezista imeungua, akaweka nyingine aliyoitoa kwenye gari lililokatwa. Spidi zote zikarudi. Haukupita muda mrefu zile za chini zikafa tena vilevile. Nikazoea kutumia nne tu, ingawa ilikuwa inalia mluzi, hasa asubuhi gari likiwa limelala. Sasa hata nne imekufa. Nazungusha swichi, kimya. Ila mara mojamoja gari likidumbukia kwenye shimo, feni inashtuka, inavuma kidogo, halafu inanyamaza. Na mara ya mwisho ilipovuma nilisikia harufu ya plastiki inayoungua upande wa abiria. Nikazima kila kitu.

Fundi amejaza gesi mara mbili. Ya kwanza alisema imepungua, ya pili akasema inavuja. Sasa anasema kompresa imechoka. Kuhusu feni, anataka kuiunga dairekti: apitishe waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye mota, aniwekee swichi ndogo chini ya usukani. Anasema ni rahisi na haitanisumbua tena. Mume wangu anasema tuliuze gari kabla halijatumaliza.

Joto naweza kulivumilia, nafungua vioo. Kinachonitia hofu ni mvua. Juzi napanda kutoka Mombo, mvua ikashuka, nikafunga vioo, mtoto amelala nyuma, na kioo cha mbele kikajaa ukungu kwa ndani mpaka kona siioni. Nilikuwa nafuta kwa kiganja huku naendesha. Naomba unishauri, nikubali kuungiwa dairekti? Na hiyo kompresa ninunue?

Ni mimi, Mama wa Safari, Muheza

*

Marahaba, mwanangu.

Usikubali kuungiwa dairekti, na kompresa usinunue. Na kabla ya yote hayo, usiwashe tena feni hiyo hata kwa kujaribu, mpaka ile droo ya mbele ya abiria ifunguliwe na soketi ya mota iangaliwe kwa macho. Harufu ya plastiki maana yake kuna mahali waya au soketi imepata moto. Ukishaisikia, subira imekwisha. Zungusha swichi kwenye sifuri uiache hapo.

Nianze na gesi, maana ndiko pesa yako ilikokwenda. Gesi kazi yake ni kuleta ubaridi. Haisukumi upepo. Gari lisilo na tone la gesi bado linatakiwa likupige upepo wa kawaida usoni ukiweka spidi ya nne. Kwako hakuna upepo wa aina yoyote, kwa hiyo kujaza gesi hakukuwa na sababu. Nadhani naijua njia aliyopita fundi wako mpaka akafika kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Kwenye magari mengi ya Kijapani, feni ikiwa imezimwa, AC nayo haipokei amri. Ubonyeze kitufe chake upendavyo, klachi ya kompresa, ile inayoiunganisha na mkanda wa injini, haishiki. Yametengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu kompresa ikifanya kazi wakati hakuna upepo unaopita kwenye evapareta, yaani kile kipoozeo cha ndani ya dashibodi, evapareta inaganda barafu. Sasa mtu akifungua boneti, akabonyeza AC, akaona klachi haigongi, anasema gesi. Akijaza na bado haigongi, anasema kompresa. Kumbe kompresa inasubiri feni. Inawezekana kabisa kompresa yako ni nzima, na hakuna wa kukuthibitishia vinginevyo mpaka feni ifanye kazi.

Sasa rezista. Hapa nataka unisome taratibu, kwa sababu barua yako yote iko hapa. Rezista ndicho kifaa kinachopunguza umeme ili feni iende polepole. Spidi ya kwanza, ya pili na ya tatu zinapita humo. Ya nne haipiti, inakwenda moja kwa moja. Rezista nyingi zina fyuzi ndogo ya joto iliyochomelewa humohumo, na ikikatika, spidi tatu za chini zinakufa kwa pamoja huku ya nne ikiendelea. Ndivyo ilivyokutokea. Fundi alipobadilisha rezista alifanya jambo sahihi kabisa, na spidi zikarudi. Kosa ni kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini imeungua, na ilipoungua ya pili bado hakuna aliyeuliza.

Rezista haiungui kwa uzee tu. Inapata joto kali wakati wote wa kazi, na ndiyo maana imefungwa ndani ya njia ya upepo, ili feni yenyewe iipoze. Ikiungua mara mbili kwa muda mfupi, basi mara nyingi moja kati ya mambo mawili linaendelea: ama mota imekuwa nzito na inavuta umeme mwingi kuliko kawaida, ama upepo wa kuipoza haufiki. Ule mluzi wa asubuhi unanielekeza kwenye la kwanza. Ndani ya mota kuna shafti, yaani mhimili wake, inayozunguka kwenye bushi ndogo mbili zinazoishikilia. Zikikauka zinalia, na asubuhi ndiyo zinalia zaidi. Baadaye shafti inaanza kushika, mota inahangaika kuzunguka, umeme unaopita unapanda, na kila kilicho njiani kinapata joto: rezista, soketi, swichi, na rilei, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme. Rezista imekufa kwa ajili ya mota. Hata ukiweka mpya ya dukani leo, mota hiyohiyo itaiua.

La pili, la upepo, angalia ungali umefungua. Nyuma ya droo hiyo magari mengi yana chujio la hewa ya ndani, na kwa magari yaliyotoka Japani yakiwa yametumika, wenyewe wengi hawajui kama lipo. Nimeyatoa machujio yaliyojaa majani makavu na vumbi jekundu, mengine yakiwa na kiota cha panya kamili, vipande vya karatasi na godoro. Chujio likiziba hivyo, feni inavuma lakini rezista haipati upepo, inaiva palepale. Kama yako haijawahi kubadilishwa, weka mpya, usipulize ya zamani. Na ukiona majani mengi, basi yanaingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale wiper zilipo. Safisha hapo. Majani yakiziba mifereji ya pale, maji ya mvua yanaweza kutafuta njia ya kuingia kwenye feni. Gusa na zulia la miguu ya abiria. Likiwa na unyevu bila sababu, ama maji ya mvua yanaingia, ama bomba la kutolea maji ya AC limeziba. Mota iliyonyeshewa hata ikitengenezwa haidumu.

Tuje kwenye shimo la barabarani. Umenisaidia sana kuliandika hilo. Fyuzi iliyokatika haiamki kwa gari kudunda, kwa hiyo fyuzi nina hakika karibu yote kwamba ni nzima. Kinachoamka kwa mtikisiko ni kitu kinachogusana kwa shida. Hapo washukiwa wangu ni wawili: kaboni za ndani ya mota, vile vipande vinavyopeleka umeme kwa kusugua, ambazo zimelika mpaka hazifiki vizuri kwenye komyuteta, yaani sehemu ya shafti zinayoisugua, au soketi ya mota ambayo pini zake zimelegea na kuungua. Ukichanganya na harufu, naishuku soketi. Ukichanganya na mluzi, nazishuku kaboni. Mara nyingi vinakufa pamoja, kwa kuwa vyote vimekuwa vikibeba mzigo wa mota nzito.

Kinachotakiwa sasa ni fundi umeme wa magari, si fundi AC. Mwambie afanye kazi mbele yako, si kazi ya kuacha gari. Betri itolewe waya hasi kwanza. Droo inatolewa vitu vyote, inabanwa pembeni mpaka vishikio vyake viachie, inashuka. Gari lako likiwa na eabegi upande wa abiria, nyaya zake kwa kawaida zina koti la njano. Hizo zisiguswe kwa testa wala kwa mita, kabisa.

Mota utaiona chini huko, duara jeusi linaloangalia sakafu, kwa kawaida limeshikwa kwa skrubu tatu, na soketi ya nyaya mbili imechomekwa. Achomoe soketi hiyo akupe mkononi. Iangalie kwenye mwanga. Soketi nzima ina plastiki ya rangi moja na pini zinazong'aa. Iliyoungua ina doa la kahawia kuzunguka pini moja, plastiki imevimba au imetepeta kidogo, na waya ulioingia hapo koti lake limekuwa gumu, ukilipinda linapasuka. Ukikuta hivyo, harufu yako umeipata. Usikubali waitie msasa na kuirudisha. Inakatwa, inawekwa soketi nyingine yenye waya wa unene uleule, kila kiungo kinachomelewa risasi na kuvalishwa mrija wa kuhami. Kupindapinda nyaya mbili na kuzungushia tepu nyeusi mahali panapopita umeme mkubwa ni kuliweka tatizo palepale lilipokuwa.

Baada ya hapo ndipo umeme upimwe. Waya wa betri urudishwe, swichi ya gari iwashwe bila kupiga stata, feni iwekwe kwenye nne. Wengi wanapima kwa mita, wanaona volti 12, wanasema umeme upo. Mita haivuti umeme, kwa hiyo hata waya uliobaki na uzi mmoja utaionyesha 12. Mimi napenda kutumia globu ya taa kubwa ya mbele, wati 55, kwa sababu inavuta ampea nne na kitu. Ziunganishwe nyaya mbili za globu kwenye pini mbili za soketi. Ikiwaka kwa nguvu, umeme unafika na ethi, njia yake ya kurudi kwenye bodi, ipo, basi mota ndiyo mgonjwa. Ikiwaka kwa unyonge, kuna mahali njiani panaugua. Isipowaka, mguu mmoja wa globu ugusishwe kwenye chuma cha bodi na mwingine kwenye pini moja moja ya soketi. Ikiwaka kwenye mojawapo, umeme unakuja ila njia ya kurudi imekatika, na hapo unafuata swichi ya feni na ethi yake. Isipowaka kokote, rudi kwenye fyuzi na rilei. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo iko kwenye boksi la chini ya boneti, imeandikwa HTR, na mara nyingi ni ya ampea 40.

Mota ikishatolewa, ichukue wewe mwenyewe uzungushe kile kizimba chake, gurudumu la mapezi linalosukuma upepo, kwa kidole. Nzima inazunguka kwa wepesi na kuendelea kidogo baada ya kuiachia. Inayokwama, inayokwaruza, au ambayo shafti yake inacheza ukiisukuma kushoto na kulia, imekwisha. Ikiunganishwa kwenye betri pembeni kwa majaribio, iwe kwa waya wenye fyuzi na iwe imeshikwa imara, maana inaruka mkononi.

Una njia mbili za kuipata mota nzima. Tanga mjini wapo mafundi wa stata na altaneta, na wao wanaweza kukuwekea kaboni mpya ikiwa komyuteta haijachimbika na shafti haichezi. Kwa gari lako, kwa sababu ya ule mluzi, sioni kama kaboni peke yake zitatosha. Ningenunua mota. Zilizotumika kutoka Japani zinafaa, lakini nenda na ya zamani mkononi, usiende na jina la gari tu. Linganisha soketi, matundu ya skrubu, kipenyo na urefu wa kizimba, na upande inaozungukia, kwa sababu kizimba cha kulia kikizungushwa kushoto kitavuma kwa kelele na upepo usitoke wa maana. Mwambie muuzaji aiwashe kwenye betri yake palepale na uiache izunguke dakika kadhaa huku umeweka sikio. Muuzaji anayekataa kuiwasha, muache. Ikishafungwa, fundi mwenye mita ya kubana inayosoma umeme wa betri aipime kwenye spidi ya nne. Kwa gari dogo natarajia kiasi cha ampea 15 hadi 20. Ikizidi hapo kwa mbali, umenunua ugonjwa uleule. Na rezista mpya iwekwe mwisho kabisa, baada ya mota, soketi na chujio kuwa sawa.

Sasa nikueleze kwa nini nimeikataa dairekti kwa nguvu. Waya wa feni ukitoka kwenye betri unapita kwenye tundu la chuma, unaingia chini ya dashibodi katikati ya plastiki na sponji. Mota yako imeshaonyesha kwamba inavuta umeme mwingi. Ukiipa umeme usiopita kwenye fyuzi yake, siku ikishika kabisa hakuna kitakachokata. Waya ndio utakaowaka, na utawaka mbele ya magoti ya abiria. Swichi ndogo za aina hiyo nyingi haziwezi kubeba ampea 20 kwa muda mrefu, nazo zinayeyuka. Juu ya hayo, mota iliyounganishwa hivyo haizimiki ukichomoa ufunguo, ukisahau inakumalizia betri. Na akikwambia aongeze fyuzi kutoka 40 hadi 60 ili isikatike, jibu ni hapana hiyohiyo. Fyuzi imepimwa kulinda waya wa gari, na waya haujaongezeka unene.

Kuhusu mvua, umenishtua. Kioo cha mbele kinachopata ukungu kwenye kona za Mombo kwenda Soni, na mtoto ndani, ni hatari kubwa kuliko joto la Tanga lote. Mpaka feni ipone, naomba safari ya kupanda kwa mama uifanye kwa basi, au usubiri mchana usio na mvua. Ikikukuta bado uko njiani, weka kidude cha hewa kwenye kuingiza ya nje na siyo kuzungusha ya ndani, elekeza upepo kwenye kioo, weka joto mpaka mwisho. Hata feni ikiwa imekufa, gari likitembea linasukumiwa hewa kidogo kupitia hapo. Fungua vioo viwili vya pande tofauti upana wa vidole viwili, mlowane kidogo. Kioo kisafishe kwa ndani kabla ya safari kwa kitambaa na maji ya sabuni ya vyombo, ufute mpaka kikauke, kwa sababu mafuta na vumbi la ndani vinaushikilia ukungu. Kiganja kinaongeza mafuta. Usipoona, simama mahali salama nje ya barabara, uwashe hazadi.

Mweleze mume wako kwamba kwa haya uliyoyaandika, gari halina ugonjwa wa kuliuzia. Mota, soketi, rezista na chujio ni kazi ya siku moja kwa fundi mwenye vifaa.

Limebaki jambo moja. Gari limejazwa gesi mara mbili bila ya kuwa imepungua kwa uhakika, na kwa jinsi ulivyoeleza sidhani kama kuna aliyeipima kwa mzani. Gesi ikizidi, presha inapanda, ubaridi unapungua badala ya kuongezeka, na hapo ndipo kompresa nzima inapoharibiwa kweli. Kwa hiyo feni ikishapona, usiiwashe AC kwanza. Tumia upepo peke yake. Tafuta fundi AC mwenye mashine ya kunyonya gesi, aitoe yote, avute hewa iliyomo kwenye mabomba, kisha arudishe kwa uzito. Chini ya boneti kuna kibandiko kilichoandikwa aina ya gesi, R134a, na idadi ya gramu ambazo gari lako linataka. Kisome wewe kabla hajaanza, na umwambie akuonyeshe mzani.